Silinda moja inasoma 110, nyingine 165: je, injini imekufa?

Swali: "Shikamoo fundi. Nipo Mbeya mjini, natumia Toyota IST ya mwaka 2004, injini 1NZ, otomatiki. Tangu mwezi uliopita ikiwaka bila kukanyaga mafuta inatetemeka, taa ya cheki injini imewaka na kompyuta inaleta kodi P0302, yaani silinda ya pili haichomi sawasawa. Ikishika barabara inatulia, ila kwenye mlima imekuwa nzito. Haitoi moshi na oili haipungui. Fundi alibadilisha plagi zote, akahamisha koili, akabadilisha na nozeli ya silinda namba mbili, hali ikabaki vilevile. Juzi asubuhi akapima kompresheni, yaani nguvu ya mbano wa silinda, gari likiwa limelala usiku kucha, anafungua plagi moja, anapima, anairudisha, anahamia nyingine. Akapata 165, 110, 160 na 165. Akanionyesha kwenye simu kwamba injini hii inatakiwa isome 213, kwa hiyo zote nne zimechoka, na anataka milioni moja na laki nane aniwekee injini ya mtumba. Nimuamini?"

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Fundi wako mpe haki yake kwanza. Amehamisha koili ili kuona kama kodi itahama nayo, amegusa nozeli, na mwisho ametoa geji. Wengi hapo wangeweka kidole gumba kwenye tundu la plagi, wakasikia kinasukumwa kidogo, wakatangaza kwamba kompresheni imeisha. Namba alizokupa zina thamani. Ninachopinga ni jinsi alivyozisoma. Kwa namba hizohizo mimi naona injini yenye silinda tatu nzima na moja inayovuja, na mahali inapovujia bado hapajajulikana. Hela ya injini ikae mfukoni mpaka pajulikane.

Tuanze na hiyo 213, maana ndiyo iliyokutisha. Si namba ya kubuni. Ndiyo iliyo kwenye kitabu cha matengenezo cha 1NZ-FE: kompresheni ya kawaida psi 213 (psi ndicho kipimo cha kanieneo cha namba zako zote), sawa na kilo 15 kwa sentimita ya mraba, ya chini inayovumilika 156, na silinda zisipishane kwa zaidi ya 14. Lakini kitabu hakikuandikwa kwa ajili ya gari lililoegeshwa Mbeya. Uko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na kwa mwinuko huo kanieneo ya hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 18 ukilinganisha na Dar es Salaam au Tanga. Pistoni inabana hewa iliyoingia, haiwezi kubana isiyoingia. Ikiingia pungufu, geji inasoma pungufu kwa kiasi hichohicho. Piga hesabu: 213 inashuka mpaka kama 174, na ile 156 ya mwisho inashuka mpaka kama 127.

Sasa zitazame tena namba zako. Silinda zenye 165, 160 na 165, kwenye gari lililovuka miaka ishirini, tena zimepimwa injini ikiwa baridi, hizo ni silinda nzuri. Zimepishana kwa 5 tu. Inayobaki ni 110, ambayo hata ukiisamehe kwa ajili ya mwinuko iko chini ya mstari, na imepishana na wenzake kwa 50 au zaidi wakati ruhusa ni 14. Fundi aliyejifunzia kazi pwani akihamia Mbeya, Iringa au Arusha bila kulijua hili, ataziua kwa mdomo injini ambazo bado zina miaka ya kazi. Nairobi nako ni vilevile, mwinuko wake haupishani sana na wa kwenu.

Kuna jambo jingine kuhusu namba hizi ambalo linasaidia kuelewa yanayofuata. Uwiano wa mbano wa 1NZ-FE ni 10.5 kwa 1. Mtu akizidisha kanieneo ya hewa ya pwani, psi 14.7, mara 10.5, anapata 154, na akitoa ile 14.7 ambayo geji huihesabu kama sifuri anabaki na 140 hivi. Mbona basi kitabu kinadai 213? Kwa sababu hewa ikibanwa haraka inapata joto, na hewa yenye joto inasukuma zaidi. Shika pampu ya baiskeli chini baada ya kujaza tairi, utalisikia joto hilo mkononi. Neno la kuangalia hapo ni "haraka". Stata ikizungusha injini kwa uvivu, joto linapata muda wa kuingia kwenye kuta za silinda, na hewa inapata muda wa kupenya kila palipo na mwanya. Namba inashuka ingawa injini haina kosa. Ndiyo maana betri dhaifu imewahi kuhukumu injini nyingi.

Hapohapo ndipo inapoelezeka tabia ya gari lako. Likiunguruma bila kukanyagwa mafuta linatetemeka, likikimbia linatulia. Kwa mizunguko 700 kwa dakika silinda ya pili ina muda mrefu wa kuvuja kabla ya plagi kuchoma. Kwa mizunguko 3,000 muda huo umebaki chini ya robo, hewa nyingi inabaki ndani, moto unashika. Kasoro ya koili mara nyingi hufanya kinyume: inajificha gari likiwa limetulia, inajitokeza unapokanyaga kupanda mlima.

Kabla ya kitu kingine chochote, kipimo kirudiwe, kwa sababu kilichofanyika kina mapungufu mawili. Injini ilikuwa baridi, na plagi tatu zilikuwa zimefungwa wakati silinda moja inapimwa. Injini baridi haijatanuka na oili haijasambaa vizuri kwenye ringi, zile pete zinazoizunguka pistoni. Na plagi tatu zikiwa ndani, stata inapigana na mbano wa silinda tatu zisizopimwa, inazunguka polepole na kwa kusitasita. Kitabu kinataka injini izunguke mizunguko 250 kwa dakika au zaidi wakati wa kupima. Hiyo inapatikana plagi zote nne zikiwa nje na betri ikiwa imejaa. Kama betri yako ina mashaka, unganisha na gari jingine kwa nyaya za busta.

Mwambie aliwashe gari mpaka feni ya rejeta izunguke mara moja, alizime, alisubiri mpaka aweze kugusa kava la tapeti bila kuruka. Hedi ya injini hii ni ya aluminiamu. Plagi ikifunguliwa chuma kikiwa cha moto sana, nyuzi za tundu zinaweza kutoka nayo, na hapo utakuwa na tatizo jipya. Koili zinatolewa, mashimo ya plagi yanapulizwa upepo ili mchanga usidondoke ndani, ndipo plagi zinafunguliwa. Soketi za koili na za nozeli zote zichomolewe. Petroli ikiendelea kumwagwa itaosha oili kwenye kuta za silinda na namba zitashuka zenyewe, mbali na hatari ya mvuke wa petroli kukutana na cheche. Zipangwe plagi kwa mpangilio wake juu ya kitambaa, ya kwanza ikiwa ile ya upande wa cheni. Ya pili itazamwe vizuri: ikiwa imelowa oili ni habari moja, ikiwa kavu na nyeupe ni habari nyingine.

Kisha throto, mlango wa kuingizia hewa kwenye injini. Hapa ndipo makosa mengi yanapofanyika na hakuna anayeyaona. Kipepeo cha throto lazima kiwe wazi kabisa wakati wa kupiga stata. Kikiwa kimefungwa, injini inavuta hewa kupitia upenyo mdogo, na silinda nzima inasoma kama mgonjwa. Kama throto yako ni ya waya, mtu akanyage pedali mpaka mwisho na asiachie. Kama ni ya umeme, fungua bomba la hewa utazame kwa macho kama kipepeo kimefunguka kweli pale stata inapozunguka, kwa sababu kompyuta haitii pedali nyakati zote. Usikifungue kwa kidole wakati swichi imewashwa; mota yake inabana kwa nguvu.

Geji yenyewe nayo ina siri zake. Zipo za kubonyeza zenye raba ya mviringo, na zipo za kufunga kwa nyuzi. Kwenye 1NZ plagi zimezama chini sana, raba haifiki wala haishiki, kwa hiyo itumike ya mpira mrefu wenye nyuzi za milimita 14. Ndani ya ncha ya mpira huo kuna vavu ndogo inayofanana na ya tairi, inayozuia upepo uliokwisha kuingia usirudi. Inafanana tu. Springi yake ni laini kuliko ya tairi. Ikipotea na mtu akaweka ya tairi, kila silinda itasoma chini, kwa sababu sehemu ya mbano inatumika kuisukuma hiyo springi. Na ikiwa vavu haipo kwenye ncha bali juu karibu na saa ya geji, nafasi yote iliyo ndani ya mpira inaongezeka kwenye chumba cha kuchomea, na mbano unapungua. Geji za bei nafuu hazikubaliani hata zenyewe kwa zenyewe. Kwa kazi yetu hilo si tatizo kubwa, kwa sababu tunalinganisha silinda na silinda kwa geji ileile, lakini ni sababu nyingine ya kutokumwamini mtu anayeilinganisha geji yake na simu.

Piga stata mpaka sindano iache kupanda. Kwa kawaida ni mapigo matano hadi saba. Idadi ya mapigo iwe ileile kwa silinda zote nne. Na usiandike namba ya mwisho peke yake. Andika na ya pigo la kwanza. Silinda nzima inaruka juu kwa pigo la kwanza, kisha inamalizia. Yenye ringi zilizochoka inaanza chini, inapanda kidogokidogo kila pigo, na huenda mwishoni ikafika pazuri. Yenye vavu isiyofunga inaanza chini na kubaki chini, hata upige stata mpaka betri ife. Mafundi wa zamani walikuwa wakiitazama sindano inavyopanda zaidi ya walivyoitazama namba, na mimi naona walikuwa sahihi.

Tuseme kipimo kimerudiwa, silinda tatu zimepanda kidogo kwa sababu ya joto, ya pili imebaki kwenye 110 au 115. Hapo ndipo kinakuja kipimo cha oili. Mimina oili ya injini ndani ya silinda ya pili, kama vijiko viwili vya chai hivi, kwa bomba la sindano lenye mrija ili isibaki kwenye nyuzi za plagi. Zungusha injini kidogo bila geji ili isambae, kisha funga geji upime upya. Oili inaziba nafasi kati ya ringi na ukuta wa silinda kwa muda mfupi, lakini haifiki kwenye vavu. Namba ikiruka kutoka 110 hadi 150, upepo ulikuwa ukipita kwenye ringi. Ikibaki ilipokuwa, au ikapanda kwa 5 tu, ringi hazina hatia, tafuta juu. Usizidishe oili. Oili haibanwi, ikiwa nyingi inapunguza nafasi ya hewa na kupandisha namba kwa uongo, na ikiwa nyingi zaidi inaweza kupindisha koneksheni rodi, mkono unaobeba pistoni. Baada ya hapo gari likiwashwa litatoa moshi wa buluu kwa dakika chache, usishtuke.

Kwa dalili ulizotaja, dau langu liko juu: vavu ya ekzosi ya silinda ya pili. Halitoi moshi, oili haipungui, silinda ni moja, na jirani zake ni wazima. Gasketi ya hedi ikiungua katikati ya silinda mbili, huwa zinaanguka zote mbili. Kwako ya kwanza na ya tatu ziko sawa. Ila dau si ushahidi. Ringi ya juu inaweza kuvunjika peke yake ikapoteza mbano bila moshi wa kuonekana, hasa kwenye gari lililowahi kuchemsha. Kwa hiyo jiulize kama liliwahi kuchemsha, hata mara moja, hata kabla hujalinunua.

Kinachomaliza ubishi ni upepo. Sehemu kubwa ya gereji hazina kifaa chenyewe cha kupimia uvujaji, chenye saa mbili, lakini kwa kusikiliza tu hakihitajiki. Toa ile vavu ndogo kwenye ncha ya mpira wa geji, funga mpira kwenye silinda ya pili, kisha upande wa pili unganisha kompresa. Mtu wa kuziba pancha anayo. Psi 40 hadi 60 zinatosha.

Kabla ya kufungua upepo, pistoni ya pili lazima iwe juu kabisa kwenye pigo la kubana, vavu zake zote nne zikiwa zimefungwa. Zungusha kranki kwa spana kufuata mwendo wa saa huku kidole kikiwa kwenye tundu la plagi. Kidole kikianza kusukumwa, ujue ni pigo la kubana. Sasa chomeka mrija mrefu wa plastiki, usichomeke bisibisi, na endelea kuzungusha polepole mpaka mrija usimame mahali pamoja kabla ya kuanza kushuka. Gari la giaboksi ya kawaida lingetiwa gia ya nne na kuvutwa hendibreki ili injini isizungushwe na upepo. Lako ni otomatiki, gia haiishiki kranki, kwa hiyo mtu mwenye mkono imara ashike spana yenye mpini mrefu kwenye boliti ya puli, na wengine waondoe vidole kwenye mkanda. Upepo ufunguliwe taratibu. Nimeona spana ikitupwa mpaka kwenye fenda.

Ukishafungua, zima redio na usikilize. Mluzi kwenye bomba la ekzosi nyuma ya gari ni vavu ya ekzosi. Mluzi kwenye throto iliyo wazi ni vavu ya kuingiza hewa. Mapovu kwenye rejeta iliyofunguliwa mfuniko, injini ikiwa imepoa, ni gasketi au hedi iliyopasuka. Upepo unaotokea tundu la plagi la jirani ni gasketi. Na upepo kwenye mdomo wa kuwekea oili ni ringi, lakini hapa kuna mtego: kila injini, hata mpya, hupitisha kidogo kwenye ringi. Kwa hiyo rudia zoezi lote kwenye silinda ya kwanza, ambayo tunajua ni nzima, usikie kawaida yake inavyosikika. Bila hiyo utaambiwa ringi zimekufa kwa sababu ya mvumo ambao ungeusikia kwenye gari lolote barabarani.

Ikithibitika ni vavu, usikubali hedi ishushwe siku hiyohiyo. Kuna hatua moja katikati ambayo watu huiruka. Afungue kava la tapeti injini ikiwa baridi, apime nafasi ya tapeti, yaani mwanya kati ya kamu na tapeti, kwa filla geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mianya. Kwenye 1NZ-FE nafasi ya vavu za kuingiza hewa ni milimita 0.15 hadi 0.25, na za ekzosi ni 0.25 hadi 0.35. Injini hii haina tapeti zinazojirekebisha kwa oili. Vavu inavyozidi kuchimba kiti chake mwaka hadi mwaka, shina lake linapanda juu na nafasi inapungua, kimyakimya, bila kelele yoyote ya kukuonya. Tapeti inayopiga kelele ni ile iliyolegea, na hiyo haina madhara makubwa. Nafasi ikifika sifuri, kamu inaishikilia vavu isikae sawasawa kwenye kiti. Vavu ya ekzosi hupoa kwa kugusa kiti chake. Isipogusa, haipoi, na ukingo wake unaanza kuungua. Kwenye magari yaliyofungwa mfumo wa gesi, kama ilivyo sasa kwa teksi nyingi za Dar, jambo hili huja mapema zaidi, kwa sababu gesi ni kavu na viti vya vavu vinalika haraka.

Kama filla geji itaonyesha nafasi imekwisha kwenye vavu ya ekzosi ya silinda ya pili, na tatizo ni la mwezi mmoja tu, huenda vavu bado haijaungua. Tapeti za injini hii ni vikombe vinavyouzwa kwa unene tofauti. Anapima, anatoa kamshafti, anaweka kikombe chembamba zaidi, anafunga, anapima kompresheni tena. Kazi hiyo inataka mtu makini na cheni ya taimingi. Akiirudisha ikiwa imeruka jino, silinda zote nne zitasoma chini kwa pamoja, na utakuwa umenunua ugonjwa mwingine.

Kompresheni ikigoma kurudi, ndipo hedi inashuka. Ipelekwe kwa fundi wa mashine akaikague kama imepinda, abadilishe vavu iliyoungua, akate viti na kusaga vavu ili zikae. Jaribio la kuamini ni la petroli: hedi inageuzwa, petroli inamiminwa kwenye milango ya kuingiza na kutoa, na isionekane ikivuja kwenye vavu. Gasketi iwe mpya na isiwe ya bei ya kushangaza. Boliti za hedi zinakazwa kwa toku na kumaliziwa kwa pembe, kwa hiyo zinatanuka. Zipimwe urefu au zibadilishwe. Ukijumlisha vipuri, mashine na ufundi, bado utakuwa mbali na hiyo milioni moja na laki nane, na utabaki na bloku na pistoni ambazo geji imeshakwambia ni nzima.

Usishawishike na chupa za dawa ya kurudisha kompresheni. Ringi zilizogandishwa na masizi mara chache hulegezwa na dawa, nakubali. Vavu iliyoungua hairudishwi na chochote kinachomiminwa. Na oili nzito ya kuzibia ni kujidanganya. 1NZ ina njia nyembamba za oili kwenye mfumo wa VVT-i, ule unaobadilisha muda wa kufunguka kwa vavu, nao hautakushukuru.

Kwa kuwa umeniuliza kwa kirefu, niongeze jambo ambalo geji hailioni. Kompresheni nzuri haina maana kwamba injini haili oili. Kazi ya kubana ni ya ringi mbili za juu. Ya kukwangua oili ni ya ringi ya tatu. Injini ya 1ZZ-FE, ile ya cc 1800 iliyo kwenye baadhi ya Premio na Allion, toleo lake la mwanzo lilijulikana kwa ringi za oili kuganda na masizi kwa sababu mashimo ya kurudisha oili kwenye pistoni yalikuwa madogo. Injini kama hiyo inaweza kusoma vizuri silinda zote na bado ikaomba lita ya oili kila baada ya safari. Tena oili ikiingia kwenye chumba cha kuchomea huziba ringi kama kile kipimo cha vijiko viwili, na masizi hupunguza nafasi, kwa hiyo namba inakuwa kubwa kuliko inavyostahili. Ukiona geji inasoma juu ya kitabu, hasa huko mlimani, usifurahi.

Ikitokea upepo ukatoka kwenye ringi na pistoni ikaonekana imepasuka, basi nakubali, injini ya mtumba inaweza kuwa nafuu kuliko ovahoo, yaani kuifungua yote na kuijenga upya. Lakini na yenyewe ipimwe kabla ya kulipiwa. Muuzaji wa Ilala au wa hapo Mbeya mwenye injini chini ana stata na ana betri. Mwambie utakuja na geji, plagi zote zitolewe, throto ifunguliwe, apige. Itasoma chini kidogo kwa sababu imekaa baridi na ringi zimekauka, kwa hiyo mimina tone la oili kila silinda ukiona zote zimelala, na usidai 213. Dai usawa. Nne zilizo kwenye 150 kwa Mbeya chukua. Tatu kwenye 170 na moja kwenye 120, iache palepale, maana hiyo ndiyo uliyonayo nyumbani. Akikataa isipimwe, jibu umeshapata. Akikubali, andika namba hizo kwenye risiti pamoja na namba ya injini, asaini.